UZI: Kumkatia farasi majani ya porini huku Arusha na Moshi, yapi ale na yapi yatamuua

Saisi wa Usa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikifika Agosti, majani yakishakauka kuanzia Kisongo mpaka Boma Ng'ombe, watu wenye farasi na punda wananifuata pembeni na swali lile lile: nimkatie nini? Nimeona nilimwage hapa lote, na mwenye uzoefu aongeze lake.

Kwa nini tukate badala ya kumwachia achunge? Malisho ya wazi yanaisha, hilo kila mtu analiona. Pale Tengeru palipokuwa na nyasi sasa pana ukuta wa tofali na geti. Ila sababu kubwa zaidi ni usubi. Vile vidudu vinavyouma kuanzia magharibi hadi alfajiri ndivyo vinavyoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Pundamilia anaubeba bila hata kukohoa, lakini farasi akiupata bila chanjo mara nyingi humzika. Kwa hiyo farasi wa huku anaingizwa bandani kabla jua halijazama, anatolewa likishapanda, na saa zote hizo anataka kutafuna.

Na kutafuna kwake si uroho. Akiwa huru anakula kwa saa kama 16 kwa siku, kidogo kidogo. Tumbo lake la chakula ni dogo kuliko unavyodhani ukimtazama, lita 8 hadi 15 tu, na tindikali inatiririka humo hata kama hana kitu mdomoni. Akikaa na njaa linamchubuka. Akishiba vibaya, hawezi kutapika. Farasi hatapiki kabisa, hili likae kichwani mpaka mwisho wa uzi.

Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 9 za majani makavu kwa siku. Majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo ukitaka ashibe mabichi matupu jiandae kubeba kilo 40 na ushee. Hapo ndipo saisi, yaani mtunza farasi, anapoanza kuvamia kila kichaka na mundu wake, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Sikilizeni hapa. Farasi aliyeachiwa malishoni anachagua mwenyewe. Mdomo wake wa juu unafanya kazi kama vidole: unasogeza jani baya, unavuta zuri. Utamwona amekula uwanja mzima, kichaka cha ndulele amekiacha kimesimama peke yake. Ukimkatia, hiyo kazi ya kuchagua umemnyang'anya, imekuwa yako. Tena mimea mingi ikinyauka inapoteza harufu na uchungu, ila sumu inabaki pale pale. Jani alilokuwa analikataa likiwa bichi atalila likiwa limelegea katikati ya mzigo. Ukiupitisha huo mzigo kwenye mashine ya kukatakata, ndiyo umemfunga macho kabisa.

Ninachokata mimi kwanza ni ukoka. Upo kila mahali, laini, na tumbo lake halilalamiki. Pili ni nyasi za Rhodes, zile za masuke yaliyochanua vidole vidole kileleni, huku kwetu zinaota zenyewe kandokando ya mashamba. Hizo mbili ndizo chakula. Vingine vyote ninavyovitaja ni mboga ya pembeni, konzi mbili tatu juu ya majani ya kawaida: mashona nguo, mchunga, majani ya forosadi, majani ya mgomba, na lile jani la maua ya bluu linalotambaa kwenye mahindi, lenye majimaji. Mashona nguo yakatwe kabla hayajatoa mbegu. Zikishakauka zile sindano zinamchoma fizi na kunasa kwenye singa, na wewe ndiye utakayekaa jioni nzima na kitana.

Kule juu msituni kuna yale majani yanayowasha. Yaache yanyauke kabisa, yakishalegea hayawashi tena, na farasi wengi wanayapenda.

Sasa vya kukimbia. Mnyonyo, yaani mbarika: mbegu chache tu zinatosha kumlaza farasi. Mnanaha, ule wa maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba, unapenda sana kuota kwenye mashimo ya samadi na mashamba ya mahindi, kwa hiyo ukikata majani ya shambani lazima ukutane nao. Ndulele. Lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko, kinaua ini la mnyama na ngozi yake inaungua na jua. Msunguti, mti ule ambao wazee walichemshia sumu ya mshale. Na oleanda, ua zuri la kwenye mageti ya watu wenye fedha zao huko Njiro na Sakina. Majani machache ya oleanda yanasimamisha moyo, mabichi au makavu.

Gugu karoti nalitaja peke yake. Lilitambuliwa rasmi hapa Arusha mwaka 2010 na sasa limejaa kandokando ya barabara. Majani yake yamechanika kama ya karoti kwelikweli, vimaua vyake ni vyeupe vidogo. Saisi mgeni anaambiwa farasi anapenda karoti, anakutana na hilo jani, anajaza gunia. Ni sumu kwa mnyama, na wewe mkataji mikono itakuwasha na kifua kitabana. Vaa glovu hata ukiling'oa tu.

Utaratibu wangu ni mmoja. Mzigo ukifika sirushi bandani. Nautandaza juu ya turubai, naukung'uta kupe wadondoke, napitisha mkono kitita kwa kitita. Shina lolote nisilolijua linatoka. Sikati kandokando ya lami, sikati jirani na mashamba ya maua wala kahawa iliyopuliziwa dawa karibuni.

Uzi uko wazi.

---

Mpiga Kambi

Nimeweka kambi hapa. Nategemea madini.

---

Tonge Nyama

Watu tunatafuta unga wa kesho nyie mnajadili mboga ya farasi. Hii nchi ina mambo.

---

Saisi wa Usa

@Tonge Nyama mkuu, unga wangu mimi unatoka kwenye hilo tumbo la farasi. Akiumwa tumbo, mimi ndiye ninayetembea naye usiku kucha na asubuhi ndiye ninayeulizwa alikula nini.

---

Mama wa Kihamba

Kaka Saisi hujambo. Mimi niko Marangu, nina ng'ombe wawili wa ndani na mwaka jana mwanangu alileta farasi wa kupandisha watalii. Sisi Wachaga kulisha mnyama ndani hatukuanza leo. Mama zetu walikuwa wanashuka tambarare kukata majani, wanapanda na mzigo kichwani mpaka juu. Mimi namkatia huyu farasi yale yale ninayowakatia ng'ombe: mabingobingo (majani ya tembo), majani ya mgomba, na pumba ya ngano jioni. Anakula vizuri sana. Kuna ubaya?

---

Saisi wa Usa

Shikamoo mama. Majani ya mgomba hayana neno, aendelee kuyapata, ila lile gogo ni maji matupu, lisihesabiwe kama chakula.

Mabingobingo na pumba ya ngano kwa pamoja ndiyo yananitia wasiwasi. Daktari akipita hapa atalieleza vizuri kuliko mimi. @Daktari wa Zizi uko wapi?

---

Daktari wa Zizi

Nipo. Mama wa Kihamba, marahaba ya Saisi niachie na mimi, shikamoo.

Majani mengi ya nchi za joto yana kitu kinachoitwa oksaleti. Mabingobingo yanayo, setaria inayo kwa wingi, kikuyu inayo, majani ya gini yanayo. Oksaleti inashikana na kalsiamu humo humo ndani ya jani, kalsiamu inatoka na kinyesi bila kumsaidia mnyama. Ng'ombe ana tumbo kubwa la mbele lenye vijidudu vinavyoivunja oksaleti kabla haijaleta madhara. Farasi hana tumbo hilo. Uchachushaji wake unafanyika nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, baada ya mahali ambapo kalsiamu ilitakiwa kufyonzwa.

Hapo ongeza pumba ya ngano, ambayo fosforasi yake ni kama mara kumi ya kalsiamu. Mwili unaona kalsiamu haitoshi, unaanza kuichota mifupani. Baada ya miezi kadhaa farasi anachechemea, leo mguu huu kesho ule, halafu mifupa ya uso inavimba pande zote mbili juu ya meno. Huko Australia wanaujua sana kwa sababu malisho yao mengi yametokana na majani ya Afrika, na zamani Ulaya uliwapata farasi wa wasaga nafaka kwa kulishwa pumba. Mwenye farasi mara nyingi anadhani meno yanauma.

Mama, usimkatishe ghafla. Punguza mabingobingo polepole kwa wiki mbili hivi huku ukiongeza ukoka na hei, yaani majani yaliyokaushwa, ya Rhodes, kwa sababu hizi mbili oksaleti yake ni kidogo. Pumba ya ngano iondoke. Ukipata alfalfa, lile jani la malisho la jamii ya kunde, konzi kadhaa kwa siku zitamrudishia kalsiamu. Na muone mtaalamu wa mifugo wa kata amtazame uso na mwendo, akupe kipimo cha chokaa ya mifugo kulingana na uzito. Chokaa ya kupakia ukuta sio hiyo.

---

Mama wa Kihamba

Asante sana baba. Sasa naelewa kwa nini hata kutafuna amekuwa mzito. Ukoka huku juu ni wa shida, ila nina ndugu Himo. Nitaongea naye atume na kirikuu.

---

Shamba la Mwisho

Wakuu nina swali la haraka. Niko Machame, tunapogoa maparachichi sasa hivi na kuna matawi ya majani mabichi ya kutosha kulisha jeshi. Mbuzi wa jirani ameyagusa kidogo tu. Farasi je?

---

Daktari wa Zizi

USIMPE. Wala usirundike mahali anapofikia. Majani, magome na tunda la parachichi vina sumu inayoitwa persini, na farasi ni miongoni mwa wanyama inaowashika vibaya. Anavimba midomo, uso, hata ulimi, jike anayenyonyesha matiti yanavimba na maziwa yanakatika, na misuli ya moyo inaharibika. Mbuzi naye mtoe hapo, huko "kidogo tu" kusimdanganye mtu.

Kwenye kihamba cha kawaida cha Kilimanjaro, parachichi ndio mti ninaouogopa kuliko wote, kwa sababu hakuna anayeufikiria kuwa ni sumu. Mnyonyo kila mtu anaujua.

---

Shamba la Mwisho

Duh. Basi yanaenda kwenye mboji.

---

Mwana wa Longido

Mimi ni wa punda, naomba nisitupwe nje ya uzi. Sisi kule punda hakatiwi, anajitafutia. Lakini nina dada yangu amehamia Moshi mjini, anafanya kazi ya kubeba maji na punda watatu, na amewafungia uani. Anawapa anachopata sokoni: maganda ya ndizi, majani ya kabichi, mahindi yaliyooza oza. Wananenepa. Ni sawa?

---

Daktari wa Zizi

Karibu mkuu. Punda ni mnyama wa ukame, amezoea kutembea mbali kutafuta majani makavu yasiyo na utamu. Chakula chake ni kidogo kuliko cha farasi hata ukilinganisha kilo kwa kilo. Punda wa kilo 150 anatosheka na kilo 2 hadi 3 za kikavu kwa siku. Mabua safi ya shayiri au ngano kutoka upande wa Monduli au West Kilimanjaro yanamfaa, na ukoka kidogo. Punda mnene ni mgonjwa anayesubiri siku yake. Shingo ikishajaa mafuta na kulala upande, kwato nazo zinaanza kuumwa. Na punda mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta yanakimbilia kwenye damu na ini, anakufa. Kwa hiyo apunguzwe taratibu.

Mahindi yaliyooza ndiyo yaondoke leo hii. Kuna ukungu wa mahindi unaotoa sumu iitwayo fumonisini, na kwa farasi na punda sumu hiyo inayeyusha ubongo. Si lugha ya kutisha, ukipasua unakuta nyama nyeupe ya ubongo imekuwa uji. Anaanza kusinzia, anagonga ukuta, anazunguka upande mmoja, anaanguka. Tiba hakuna. Ng'ombe anaweza kula gunia lile lile akabaki amesimama.

Na jambo lingine kwa wote: msimpe farasi wala punda chakula cha kuku kilichobaki. Vyakula vingi vya kuku vina dawa ya kuzuia kuhara damu, mojawapo monensini, na kiasi kidogo sana cha hiyo dawa kinaua moyo wa farasi.

---

Mwana wa Longido

Ashe oleng daktari. Nampigia simu sasa hivi.

---

Binti Njiro

Samahani naingilia. Mimi nafanya kazi kwa mama mmoja Mwingereza, ana farasi wawili. Amenichapishia orodha ya mimea ya kwenda kukusanya: dandelion, nettle, cleavers, hawthorn, matunda ya waridi mwitu, mint. Nimezunguka mpaka chini ya Themi sijaona hata nusu. Anadhani sitaki kazi.

---

Saisi wa Usa

Pole dada. Hiyo orodha ni sahihi, ila ni ya kwao. Uingereza watu wanaokota hiyo mimea kwenye kingo za mashamba kwa ajili ya farasi toka enzi na enzi. Mwambie hawthorn haijaja huku, ila mpe mbadala: badala ya dandelion kuna mchunga, uchungu ule ule na utomvu mweupe ule ule ukivunja. Nettle ndiyo yale majani yanayowasha niliyoyataja juu, yetu inawasha kuliko yao, panda juu upande wa Meru. Mint ni nanaa tu, ipo sokoni Kilombero. Cleavers sahau.

Halafu mwulize na orodha ya mimea mibaya ya kwao. Lazima atakuambia ragwort, ua la njano, kwao lipo hadi kwenye sheria ya magugu ya mwaka 1959. Ukishamwelewa hapo, mwambie sumu ile ile ipo huku kwenye mimea mingine, na hii nilisahau kuiweka juu: jamii ya marejea ya porini. Zina maua ya njano, na ganda lake likikauka ukilitikisa mbegu zinalia ndani. Ile sumu haimuui siku hiyo. Inakula ini polepole, farasi anakonda, anakuwa kama amelewa, na wakati unaona dalili ini limeshakwisha. Kwenye majani mabichi anaziacha. Kwenye hei anazila.

---

Binti Njiro

Asante kaka. Nitamwonyesha huu uzi, anajua Kiswahili kidogo.

---

Mzee wa Sanya Juu

Vijana mmesema vizuri. Mimi nimewahi kuwa saisi kabla wengi wenu hamjazaliwa, kwenye mashamba ya ngano ya West Kilimanjaro. Wakati huo hei tulikata wenyewe kwa fyekeo, Juni, masika ikishakwisha na nyasi zinaanza kutoa masuke. Ukichelewa mpaka mbegu zimepukutika unakata fito, hazina kitu. Unazigeuza asubuhi na jioni, siku mbili tatu za jua. Ukilisokota jani mkononi likavunjika badala ya kupinda, limeiva. Likipinda, lirudishe juani, ukilifunga hivyo linapata joto ndani na ukungu. Nimeona ghala likishika moto kwa hei iliyofungwa mbichi.

Juni hiyo huku kwetu shida ni ukungu wa mlima. Mlima unafunikwa hadi mchana. Kwa hiyo tulikuwa tunakata chini, upande wa tambarare, ambako jua linatoka mapema.

Kuhusu lukina sijaona mtu amegusa.

---

Saisi wa Usa

Shikamoo mzee. Umenikumbusha. Lukina, ule mti wa majani madogo madogo ambao wafugaji wa mbuzi wa maziwa wanaupanda kila mpaka. Una protini nyingi na farasi anaupenda, ndiyo maana ni mtego. Una kemikali inayoitwa mimosini. Akiula kwa wingi singa za shingo na mkia zinadondoka, na kwato zinatoka pete pete. Nilimwona farasi mmoja hapa Maji ya Chai mkia umebaki mfupa, mwenyewe akidhani ni upele na anamwogesha dawa kila wiki. Mti ulikuwa juu ya banda lake, matawi yanaingia dirishani.

---

Mbogamboga Tu

Na magadi je? Babu yangu alikuwa anawapa wanyama magadi badala ya chumvi.

---

Daktari wa Zizi

Kwa huku kwetu napendekeza chumvi ya kawaida, ya mawe au ya unga. Magadi ya maeneo yetu yana floraidi nyingi. Ukanda wote wa Meru, Ngurdoto na Maji ya Chai maji yake yenyewe yana floraidi kwa sababu ya miamba ya volkano, mnaona meno ya watu. Mnyama naye ana meno na mifupa. Kama anakunywa maji ya kisima cha huko, usimwongezee na magadi.

---

Fundi Bustani

Mimi nakata nyasi za bustani za watu Ilboru na mashine. Kuna tajiri mmoja aliniomba zile zilizokatwa nimpelekee kwa farasi wake, zinatoka laini kabisa, hazina magugu. Nilijaza viroba. Nasikia siku hizi wanakataza. Kwa nini, wakati ni ukoka mtupu?

---

Saisi wa Usa

Ni ukoka mtupu, ila umeshakatwa vipande vidogo hivi na umekandamizwa kwenye kiroba. Weka mkono ndani ya hicho kiroba baada ya saa moja, utaona joto lake. Umeshaanza kuchacha. Farasi naye hatafuni vipande hivyo, anameza kwa pupa, vinaendelea kuchacha tumboni, gesi inajaa. Sasa rudi kwenye lile la juu: hatapiki. Gesi haina pa kutokea, tumbo linaweza kupasuka. Farasi wa msokoto wa tumbo utamjua, anajitazama ubavuni, anajikwaruza chini kwa kwato, anataka kujiviringisha.

Bustanini pia ndipo mabua ya oleanda na maua mengine yanapochanganyika na nyasi, mashine haichagui. Ukitaka kumuuzia, kata kwa mundu, marefu, yafike ndani ya muda mfupi, usifunge kwenye nailoni. Hapo hata bei yako itakuwa nzuri zaidi.

---

Fundi Bustani

Poa mkuu, nimekupata. Kumbe mundu wa babu una kazi bado.

---

Jicho la Tatu

Swali la mwisho kwangu. Ukikutana na mmea hujui, hakuna mzee wa kuuliza, unafanyaje? Hizi programu za simu za kupiga picha jani zinaaminika?

---

Saisi wa Usa

Programu zinajua mimea ya Ulaya kuliko ya Sanya Juu. Nimeona moja ikiita mnanaha jina la mboga. Tumia kupata fununu tu.

Kama uko Arusha, Ngaramtoni pale ilipokuwa TPRI, siku hizi TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ndipo ilipo hifadhi ya taifa ya mimea. Wana sampuli zilizokaushwa za mimea ya nchi nzima na watu wa kuisoma. Peleka tawi zima lenye jani, ua na tunda, limebanwa katikati ya magazeti. Usipeleke jani moja limekunjwa mfukoni, hawatakuambia kitu. Na andika umelikata wapi.

Mpaka upate jibu, huo mmea unakaa nje ya banda.

---

Mama wa Kihamba

Kaka Saisi, na huko msituni juu, tunaruhusiwa kukata? Zamani tulikuwa na ile nusu maili, ukanda wa ukingoni mwa msitu uliokuwa wa wanakijiji, kina mama wanaingia na kamba zao.

---

Saisi wa Usa

Mama, msitu wa Kilimanjaro uliingizwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa hiyo usipande tu na panga ukategemea mazoea. Pita kwanza ofisi ya kijiji uulize utaratibu wa sasa wa eneo lenu. Tena kwa farasi hukosi kitu: huko kivulini kuna feni nyingi, zile ndefu za kingo za msitu, nazo farasi akizila siku nyingi zinamharibia vitamini B1, anaanza kuyumba miguu. Ukoka wa Himo ni bora mara mia.

---

Mzee wa Sanya Juu

Huyo ndugu wa Himo mwambie akate asubuhi umande ukishakauka, na asifunge mzigo na kamba ya nailoni. Tulikuwa tunafungia magome ya mgomba. Kipande cha gome kikibaki ndani ya majani farasi anakitafuna tu.

---

Mama wa Kihamba

Sawa baba. Mzigo wa kwanza unapanda Jumamosi. Nitautandaza uani niupekue kwanza, halafu nitaweka picha hapa mniambie kama kuna jani la ajabu.